Simu haikusikilizi kama unavyodhani: ekstensheni za kuzuia kufuatiliwa zinafanya nini hasa

Kijiweni kwetu kuna jamaa anaendesha bajaji, mwezi uliopita alikuja simu mkononi kafura kweli kweli, anasema jana yake alikuwa anaongea na mwenzake habari za betri, hajaandika popote, hajatafuta popote, asubuhi anafungua saiti ya mpira anakutana na tangazo la betri. "Hii simu inanisikiliza." Na pale kijiweni ni kama kawasha moto kwenye nyasi kavu, kila mtu akatoa la kwake, mmoja alitaja mafuta ya nywele akaletewa mafuta ya nywele, mwingine kagombana na mkewe akaletewa wakili, basi kahawa ikapoa tunajadili maikrofoni.

Nikamuuliza swali moja tu, huyo mwenzako yeye hakutafuta? Akampigia hapo hapo. Kumbe alitafuta, usiku ule ule, tena wamekaa wote kibanda umiza wanaangalia mechi wanatumia wifi ya pale. Wifi moja maana yake huko nje mnaonekana anwani moja ya IP, ile namba inayotambulisha mtandao wenu, kwa mtu wa matangazo nyie mnaweza kuhesabiwa kama watu wa nyumba moja. Siapi kwamba ndo ilivyokuwa, ila ni njia rahisi mno kuliko kurekodi sauti za watu mamilioni masaa 24. Na watu wameshalichunguza hili, mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern kule Marekani walipitia apu za Android zaidi ya 17,000 hawakukuta hata moja inayowasha maikrofoni kisiri. Walichokuta ni apu zinazotuma picha za skrini yako bila kukwambia, ambalo nalo sio dogo.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza laptop na simu, na kila nikimwambia mtu "weka ekstensheni ya kuzuia wafuatiliaji", yaani nyongeza ndogo ya kuweka kwenye brauza kama Chrome, narudishiwa maswali yale yale, si nikitumia incognito, ile hali ya brauza ya kujificha, inatosha, si ni kitu cha kuzuia matangazo tu, hivi haiwezi kuniibia yenyewe. Hilo la mwisho ndo swali zuri kuliko yote, nitalifikia.

Tuanze na kinachotokea ukifungua ukurasa. Unaandika anwani ya saiti ya habari, unabonyeza, unadhani unaongea na seva moja, yaani kompyuta moja ya hao jamaa wa habari. Ukurasa unaokuja una maagizo ndani yake: picha kachukue huku, mwandiko kachukue kule, na vipande hivi vya kodi, yaani maandishi ya programu, nenda kwa hawa watu wa matangazo, na hiki kwa hawa wa kuhesabu wageni, na hiki kwa Facebook. Brauza ni mtiifu kupita kiasi, inaenda kote huko bila kukuuliza, na kila inapogonga hodi inaacha habari zako kidogo, anwani ya IP, aina ya simu, lugha, na mara nyingi unatokea saiti gani. Wewe umesoma habari moja ya bei ya mahindi, brauza yako imeshatembelea nyumba thelathini.

Halafu kuna kuki. Hizi zilianza kwa nia njema kabisa, mwaka 1994 mhandisi Lou Montulli akiwa Netscape, kampuni ya brauza ya enzi hizo, alikuwa na shida ya duka la mtandaoni, wavuti haina kumbukumbu, kila ukigeuza ukurasa duka limeshakusahau na kikapu chako kiko tupu. Akabuni kikaratasi kidogo ambacho seva inakupa, brauza yako inakitunza na kukirudisha kila ukienda tena. Bila hicho ungekuwa unaandika nywila kila ukibonyeza kitu. Shida ilikuja pale kikaratasi kinapotolewa na mtu ambaye hukwenda kwake.

Vuta picha Kariakoo nzima, kila duka limemruhusu kijana mmoja yule yule akae mlangoni na daftari. Hauzi, hanunui. Ukiingia duka la kwanza anakupa kikaratasi chenye namba, ukiingia la pili anakiona kile kile anaandika, la tatu vile vile. Jina lako halijui wala halimsumbui. Ila ikifika jioni anajua namba 4471 ameingia duka la nguo za vichanga, duka la dawa, kwa fundi vitanda, halafu akasimama sana kwenye duka la nepi lakini hakununua. Sasa huyo kijana anaweza kuwaambia wenye maduka wote, nani anataka kumtangazia mtu anayetarajia mtoto? Na wanagombea hapo hapo, kwa mnada unaofanywa na kompyuta ndani ya sehemu ya sekunde kabla ukurasa haujamaliza kufunguka.

Vijana wa daftari wakubwa ni wawili. Google alitoa Google Analytics mwaka 2005, bure, kila mwenye saiti akaiweka, halafu mwaka 2008 akamaliza kuinunua DoubleClick kwa dola bilioni 3.1, ambayo kazi yake ilikuwa kuki za matangazo. Facebook wao mwaka 2010 walileta kitufe cha Like cha kuweka kwenye saiti za watu wengine, na hapa ndo wengi wanashangaa nikiwaambia: hukuhitaji kukibonyeza. Ile picha ya kitufe ilikuwa inatoka seva ya Facebook, kwa hiyo kuonekana tu kwenye skrini yako ilikuwa na maana brauza imeshaenda kugonga hodi na kikaratasi chako mkononi. Baadaye ikaja pikseli, kipande kidogo cha kufuatilia kinachowekwa ndani ya ukurasa, ambayo hata kuonekana haionekani.

Basi ekstensheni ni nini. Ni programu ndogo inayokaa ndani ya brauza, na hizi za faragha zinasimama pale kwenye mlango wa kutokea. Brauza ikitaka kwenda kugonga hodi kwa yule kijana, ekstensheni inaangalia orodha yake, ikimkuta inasema huendi. Sio kwamba tangazo linakuja halafu linafunikwa na kitambaa, mara nyingi linakuwa halijaombwa kabisa, hivyo kijana wa daftari hajui hata kama ulipita.

Ninayoweka kwa wateja ni uBlock Origin, ya Raymond Hill, iko tangu 2014, kodi yake ya programu iko wazi kwa yeyote kuisoma na mwenyewe hapokei hata michango. Nguvu yake iko kwenye orodha kama EasyList, ambayo imeanza 2005, na ndugu yake EasyPrivacy inayohusika na wafuatiliaji, zinatunzwa na watu wa kujitolea wanaoongeza majina karibu kila siku. Angalia jina vizuri, uBlock Origin, maana kuna nyingine inaitwa uBlock bila hilo neno la pili na hiyo sio yake.

Ukishaiweka, pale juu kunakuwa na kialama cha ngao nyekundu chenye namba. Fungua saiti yoyote kubwa ya habari au ya matokeo ya mpira uiangalie ile namba. 12. 19. 31. Uache ukurasa wazi ukanywe chai, urudi, 58, kwa sababu zile skripti, vile vipande vya kodi, hazikati tamaa, zinajaribu tena na tena. Ukibonyeza ngao inakuonyesha vikoa vingapi, yaani anwani ngapi za saiti, ukurasa uliita na vingapi viliruhusiwa, nilishaona 4 kati ya 37, yaani saiti nzima iliyosomeka vizuri kabisa ilihitaji sehemu nne tu kufanya kazi, hizo 33 zilikuwa na shughuli zao. Na bando ni lako. Hili huwa ndo linalowashawishi watu wa kijiweni kuliko hotuba yoyote ya faragha, kwamba hizo video zinazojicheza zenyewe pembeni ulikuwa unazilipia wewe.

Kuna Privacy Badger pia, ya EFF, taasisi ya Marekani inayotetea haki za watu mtandaoni, nayo ya 2014, ilikuja na akili tofauti: haikuanza na orodha ya matangazo, ilimwangalia mtu anavyofanya. Ikimuona yule yule anakufuatilia kwenye saiti tatu tofauti, inamfungia. Wazo zuri sana, nililipenda, ila mwaka 2020 walizima ule ujifunzaji usifanyike wenyewe kwenye simu au kompyuta ya mtumiaji baada ya watu wa usalama wa Google kuwaonyesha kwamba kile ilichojifunza Badger yako ni tofauti na ilichojifunza yangu, na saiti ya mjanja inaweza kutumia tofauti hiyo kukutambua. Ulinzi wenyewe unakuwa alama. Siku hizi mafunzo yanafanyika kwao, wewe unaletewa matokeo. Ukiwa na uBlock Origin sioni sababu kubwa ya kuongeza na hii, sehemu kubwa ya kazi yao ni ile ile.

Incognito niipitie haraka. Inafuta historia na kuki za muda huo kwenye simu yako ukishafunga, basi. Inakuficha kwa mtu atakayeshika simu yako, yaani mdogo wako, sio kwa seva. Google alishitakiwa Marekani mwaka 2020 kwa sababu hiyo hiyo, watu walidhani hawaonekani, na 2024 akakubali kufuta mabilioni ya rekodi zilizokusanywa watu wakiwa incognito.

Sasa tuje kwenye Chrome maana karibu kila mtu yuko huko. Mwaka 2018 Google alitangaza kanuni mpya za ekstensheni zinazoitwa Manifest V3. Zamani ekstensheni ilikuwa mlinzi anayesimama getini mwenyewe, anamkagua kila anayepita, akikuta sura mpya anafikiri. Kanuni mpya zinamwambia mlinzi kaa nyumbani, tuletee daftari la majina sisi wenyewe tutakagua, na daftari lisizidi kurasa fulani. Google anasema ni kwa usalama na kasi, na kusema kweli hoja ya usalama ipo, nitaeleza chini, lakini mwenye geti hapo ndo yule yule anayekula kwa matangazo, kwa hiyo usishangae watu wakiguna. Kuanzia 2024 Chrome ikaanza kuzizima ekstensheni za mtindo wa zamani na kufikia 2025 uBlock Origin kamili ikawa haifanyi kazi tena huko, imebaki uBlock Origin Lite, ya mwandishi yule yule, ambayo sio mbaya, kwa mtu wa kawaida inazuia vitu vingi tu, ila mtego mpya ukija inabidi isubiri. Firefox, brauza nyingine, wamesema wataendelea kuipokea ile kamili, na ndiko niliko mimi.

Kuhusu zile kuki za watu wa pembeni, Safari, brauza ya Apple, iliziziba zote Machi 2020, Firefox 2022 ikaanza kumpa kila saiti chungu chake ili kikaratasi cha huku kisionekane kule. Google aliahidi Januari 2020 kwamba ndani ya miaka miwili na Chrome itaziondoa, akaahirisha, akaahirisha tena, Julai 2024 akasema ameghairi.

Kwenye simu ndo wengi wanakwama, na huku kwetu intaneti ni simu. Chrome ya Android haipokei ekstensheni, tafuta mpaka uchoke hutaona. Pakua Firefox, nenda kwenye vinukta vitatu, utaona sehemu ya ekstensheni, uBlock Origin iko pale, dakika mbili umemaliza. Kwa miaka kadhaa walikuwa na ekstensheni chache za kuhesabu, Desemba 2023 wakafungulia mamia. Wa iPhone wanaweza kuweka ekstensheni kwenye Safari tangu iOS 15, na uBlock Origin Lite ipo.

Haya, umeweka, namba inapanda, unajisikia salama. Punguza furaha kidogo.

Kwanza ekstensheni inalinda brauza tu. Apu ya Facebook, ya TikTok, ya mchezo wa pipi aliokuwekea mtoto, zote ziko nje ya uzio. Pili ukiwa umelogini kwa mtu huwezi kumzuia asijue unachofanya nyumbani kwake, ukitafuta kitu YouTube na akaunti yako YouTube anajua, hapo hakuna mlinzi. Kinachozuilika ni yeye kukufuata ukitoka. Kwa Facebook, Mozilla, wenye Firefox, walitoa Facebook Container mwezi Machi 2018, wakati ule wa sakata la Cambridge Analytica, kampuni iliyotumia data za watu wa Facebook kwa siasa, ambayo wakubwa wake walinaswa na kamera ya siri ya Channel 4 ya Uingereza wakijisifia kazi waliyofanya kwenye uchaguzi wa Kenya wa 2013 na wa 2017. Ekstensheni hiyo inaifungia Facebook kwenye chumba chake, humo ndani umelogini, ukitoka nje ni kama hujawahi kuwa na akaunti.

Tatu, kuna kukutambua bila kikaratasi chochote. EFF walifanya jaribio mwaka 2010, wakakusanya vitu ambavyo brauza inavitaja tu kwa adabu, ukubwa wa skrini, fonti zilizopo, saa za eneo, toleo la programu, na wakakuta asilimia 83.6 ya brauza walizozipima hazikuwa na pacha. Kama kumtambua mtu kwa mwendo, humwoni sura ila unajua huyu ni fulani. Ndo maana kurundika ekstensheni kumi ni kosa, zinakufanya uwe wa kipekee zaidi.

Na nne, mwaka 2025 mwezi Juni watafiti wa Ulaya walifichua kitu ambacho mimi nilikisoma mara mbili. Kwenye Android, pikseli ya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, iliyokuwa ndani ya saiti ilikuwa inaongea na apu ya Facebook au Instagram iliyopo kwenye simu ile ile, kwa kupitia mlango wa ndani wa simu yenyewe, yaani saiti inamnong'oneza apu, na apu inajua jina lako kwa kuwa umelogini. Incognito haikusaidia, kufuta kuki haikusaidia. Yandex, kampuni ya mtandao ya Urusi, naye alikutwa na mtindo kama huo. Ilipotangazwa, Meta akaacha siku hiyo hiyo.

Sasa lile swali zuri. Ukiweka ekstensheni ya aina hii brauza inakuuliza kama unairuhusu isome na kubadilisha data zako kwenye saiti zote unazotembelea, na watu wanabonyeza kubali kama wanavyokubali kila kitu. Soma tena. Saiti zote, ni pamoja na barua pepe na benki. Ili mlinzi azuie lazima aone, hakuna namna, kwa hiyo suala zima ni mlinzi ni nani. The Great Suspender ilikuwa ekstensheni nzuri tu ya kupunguza mzigo wa kurasa nyingi zilizo wazi kwenye brauza, watu zaidi ya milioni mbili wanayo, mwaka 2020 mwenyewe akaiuza kwa mtu asiyejulikana, na Februari 2021 Google akaiondoa akisema ina programu hasidi. Watumiaji hawakubadilisha chochote, ilijiupdeti yenyewe. Avast ndo kichekesho kibaya zaidi, walikuwa wanatangaza kwamba bidhaa zao zinazuia kufuatiliwa, huku historia za watu zinauzwa kupitia kampuni yao tanzu ya Jumpshot, ikafungwa 2020 baada ya waandishi kufichua, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani ikatangaza kwamba watalipa dola milioni 16.5. Katikati hapo, 2022, hao hao Avast wakainunua ile ekstensheni maarufu ya kuondoa vibango vya "kubali kuki". Baadhi ya waliokuwa nayo wakaikimbia.

Kwa hiyo mimi nina mbili tu, na ya tatu ikitaka kuingia lazima moja itoke. Naangalia kodi ya programu iko wazi, mwenyewe anajulikana, anakula wapi. Ekstensheni ya bure yenye ofisi nzuri na matangazo YouTube, pesa inatoka wapi?

Utakutana na kero pia, nisikufiche. Siku moja nilihangaika nusu saa kwenye saiti moja ya malipo, kitufe cha kulipia kipo lakini hakibonyezeki, nikalaumu mtandao, nikazima router, nikawasha, kumbe ni mlinzi wangu mwenyewe kazuia skripti iliyokuwa inahitajika. Ukiona saiti imekufa ganzi bonyeza ile ngao, kuna kitufe kikubwa cha kuwasha na kuzima, kinazima kwa saiti hiyo tu, halafu funga ukurasa ufungue upya. Na kuna saiti ndogo za watu wetu zinazoishi kwa vitangazo viwili vitatu, hizo mimi nawazimia kwa hiari, kuna moja ya mapishi ya Kiswahili imenisaidia sana sioni kwa nini nimnyime mama wa watu shilingi yake.

Kitu kingine kidogo, linki. Ukinakili linki ukaona nyuma yake kuna alama ya kuuliza halafu fbclid au utm_source na mkia mrefu wa herufi, huo mkia sio wa kukupeleka popote, ni wa kusema umetokea wapi. Ukatwe, linki bado itafunguka. Firefox ina chaguo la kunakili bila mkia, na wengine kwenye magrupu ya WhatsApp wanashangaa kwa nini linki zangu ni fupi.

Yule jamaa wa bajaji nilimwekea Firefox na uBlock Origin pale pale kijiweni kwa bando langu, tukafungua ile saiti yake ya mpira. 9, 22, 40, akaishika simu kwa mikono miwili. Betri hakuiona tena pale. Ila bado anaamini simu inamsikiliza, juzi nimemkuta ameibandika plasta ya kidonda kwenye tundu la maikrofoni, na analalamika abiria wakimpigia hawamsikii.